Mlango Tulioubeba Kwenda Kula

Mwaka ule Serikali ilitupenda mno. Ilikuwa ikitupenda miaka mingine pia, kwa amri zake za migomba na za kahawa, lakini mwaka ule mapenzi yalizidi, hata yakaandikwa kwa herufi kubwa na kubandikwa kwenye mlango wa shule yetu huko vilimani Muleba: NAFASI ZA MASIKA NA KIANGAZI KWA JAMAA ZA WANAFUNZI. Chini yake kulikuwa na mistari mingi midogo ya Kiswahili. Wazazi wetu wengi hawakujua kusoma, na wale waliojua walisoma Kihaya cha kanisani, kwa hiyo tangazo lilikaa mlangoni wiki mbili likinyeshewa mvua bila kumsumbua mtu.

Nilikuwa darasa la nne. Waingereza walikuwa bado wanatutawala, na mtoto aliyemaliza darasa la nne alikuwa amemaliza, hasa akiwa msichana. Wavulana wachache walivuka kwenda shule ya kati. Wasichana walivuka kwenda kwa waume. Kwa upande wetu wote kulikuwa na shule moja tu ya kati ya wasichana, ya bweni, karibu na mji wa Bukoba, nayo ilipokea wasichana wa kuhesabika kwa vidole. Niliitaka shule ile kuliko kitu chochote duniani. Sababu yangu haikuwa ya maana sana: nilikuwa nimewaona wasichana wake mara moja wakipita ndani ya lori, wamevaa sare za bluu, wanaimba, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amejitwika kuni.

Mwalimu Mkuu wetu ndiye aliyetusomea tangazo, baada ya kuona kwamba halijisomi lenyewe. Alikuwa mtu wa huku huku, mwana wa mkulima, aliyevaa soksi ndefu hadi magotini hata siku za jua kali, na kila tangazo la Serikali alilisoma kwa sauti ya msibani. Akina mama watafundishwa kupika kisasa, kuogesha mtoto na kufuma. Akina baba watafundishwa kuchimba choo na matumizi mema ya saa za mapumziko. Jamaa nzima, yaani baba, mama na mwanafunzi, watafanya mazoezi ya viungo, watatembezwa kuangalia mimea, na mwisho watakula mlo wa pamoja uwanjani. Kila jamaa itapewa kadi yenye vyumba vinane, na kila fundisho litapigiwa mhuri. Kisha akashusha karatasi akasoma mstari wa mwisho, ule ulionifanya nisimame wima bila kuamriwa. Msichana anayeomba nafasi ya shule ya kati ataambatanisha kadi ya jamaa yake, na kadi isiyojaa haitapelekwa Bukoba.

Nilikwenda nyumbani mbio. Baba alikuwa amekaa mbele ya nyumba anatafuna punje za kahawa, na mama anamenya ndizi. Nikapiga magoti, nikaeleza yote kwa pumzi moja, kwa Kihaya, isipokuwa yale maneno ya mapumziko ambayo sikujua kuyatafsiri.

"Wanataka kunifundisha kupumzika?" baba akauliza.

"Ndiyo, Tata."

"Nani atakayefundisha?"

"Memsabu, mke wa afisa wa elimu."

"Yule anayeendesha gari mwenyewe kutoka Bukoba kila wiki, anakwenda Ngenge, anarudi, anapiga picha, anaandika? Huyo amepumzika lini, mwanangu?"

Baba yangu alikuwa mtu wa heshima zake. Olubisi lake, yaani pombe yake ya ndizi, lilisifiwa mpaka vilima vya mbali, na maneno yake barazani yalingojewa. Alikwenda shule ya misheni miaka miwili, akaacha, akasema wamekwisha kumwambia lililo muhimu. Kwangu hakuwa mkali, ila hakuona kwa nini msichana aende mbali kujifunza kitu ambacho yeye mwenyewe alikiacha kwa hiari yake.

Mama hakuinua macho kutoka kwenye kisu. "Ni vyumba vinane tu, bojo," akambembeleza. "Umekwisha kujenga vingi kuliko hivyo."

Baba akatafuna kahawa yake muda mrefu. Halafu akaniuliza kama shuleni huko wanafundisha kweli kweli au ni nyimbo tu. Nikasema wanafundisha kweli kweli. Sikuwa na hakika, lakini sikuwa na nia ya kuanza kuwa mkweli siku ile.

Memsabu alikuja Jumamosi ya kwanza na sanduku la vyombo na kabichi kumi na mbili. Alikuwa mwanamke mwembamba, shingo nyekundu kwa jua, na alitupenda. Hilo ndilo lililokuwa gumu. Mtu mkali unajua pa kumshikia, lakini mtu anayekupenda anakuja na kabichi, utamfanya nini? Akapanga vyombo darasani, akavaa aproni, akangoja.

Hakuja mtu. Asubuhi ile senene, wale panzi watamu, walikuwa wameanguka. Asiyejua kwetu hawezi kuelewa maana yake: wakianguka senene hakuna shule, hakuna misa, hakuna ugomvi wa mipaka. Kila mwenye miguu yuko kwenye majani ya kilimani na kikapu, anainama, anaruka, anakimbia. Memsabu akangoja mpaka saa nne, kisha akatoka kwenda kutafuta wazazi, akawakuta wote kilimani, wazee kwa watoto, wanachuchumaa na kuinuka na kurusha mikono. Akamuuliza Mwalimu Mkuu kuna nini. Mwalimu Mkuu, Mungu amrehemu, akajibu bila kupepesa macho kwamba jamaa zimeanza na mazoezi ya viungo. Memsabu alifurahi mno. Akagawa kadi na kutugongea mhuri pale pale kwenye majani, na ndivyo tulivyojaza chumba cha kwanza. Mama yangu alipigiwa mhuri huku ameshika kikapu kilichojaa senene wa mumewe, ambao yeye mwenyewe, kwa desturi ya wakati ule, hakuruhusiwa kuonja hata mguu.

Basi mama akaanza kwenda shule. Hakuwahi kwenda hapo kabla. Kadi aliikunja ndani ya kitambaa cha gome alichorithi kwa mama yake, na kila Jumamosi aliifungua kwa vidole vilivyonawa. Alifundishwa kupika kabichi, akaipika, akaileta nyumbani, na mbuzi wetu aliipenda. Alifundishwa kufuma, akafuma soksi moja ya kijani, ndefu, nyembamba, ambayo hakuna mguu katika ukoo wetu ulioweza kuingia. Ya pili hakuifuma kwa sababu mhuri ulitolewa kwa moja.

Siku ya kuogesha mtoto nilikuwepo, nimesimama dirishani. Memsabu alikuja na mtoto wa bandia, mweupe, mwenye macho ya bluu yaliyojifumba kila ukimlaza. Akina mama walipokezana naye juu ya beseni. Mama yangu alikuwa amezaa saba na kuzika wawili. Alimshika yule mtoto kwa mkono mmoja chini ya shingo, kama alivyotushika sisi sote, na Memsabu akamwambia kwa upole kwamba anakosea, akauchukua mkono wa mama na kuupanga upya, kidole kwa kidole. Mama akaitika, "Ndiyo, Memsabu." Nilitamani kupita dirishani nimtupe yule mwanasesere kwenye migomba. Baadaye sana nilisikia kwamba Memsabu mwenyewe hakujaliwa mtoto, lakini siku ile sikuwa na huruma naye, na sitajisingizia kwamba nilikuwa nayo.

Upande wa baba mambo hayakuwa mabaya. Choo tulikuwa nacho tangu enzi za babu, lakini kadi haikutambua choo cha zamani, kwa hiyo baba akachimba kingine hatua kumi kutoka cha kwanza, na tukawa jamaa tajiri kuliko wote kwa jambo hilo. Saa za mapumziko zilifundishwa chini ya paa la darasa la pili. Akina baba walipewa pete za kamba watupe kwenye kijiti. Nusu saa baadaye wengi walikuwa wamelala wameegemea ukuta, na Memsabu, ambaye alikuwa na haki kama hakimu, akakubali kwamba hayo nayo ni matumizi mema ya saa za mapumziko.

Matembezi ya kuangalia mimea yalipitia kwenye kibanja chetu, maana kilipakana na shule. Tulikwenda kwa mstari, jamaa kumi na moja zilizokuwa hazijachoka, Memsabu mbele na kijiti mkononi. Akasimama mbele ya shina ambalo baba alilipanda mwaka niliozaliwa mimi.

"Huu ni mgomba," akasema polepole, ili tusipitwe.

Baba akavua kofia. "Kasinge, waitu," akashukuru. "Na yale yanayoning'inia?"

"Hizo ni ndizi."

Baba akamgeukia mama kwa uso wa mshangao, akamwambia kwa Kihaya kwamba ni bahati tumekuja. Mama akamfinya mkono hadi akanyamaza. Tukapata mhuri wa saba.

Kikabaki chumba kimoja. Na hapa lazima nieleze jambo ambalo Memsabu hakulijua na hakuna aliyemweleza, kwa sababu kwetu lilikuwa wazi mno kuwa na maelezo.

Sisi hatukula mbele za watu. Chungu kilipoepuliwa, nyumbani kwetu na kwa majirani wote, kitu cha kwanza kilichofanyika kilikuwa kufunga mlango. Hata iwe mchana wa jua, hata nyumba iwe na moshi. Mlango wetu ulikuwa wa matete yaliyofumwa, umefungiwa kwenye nguzo kwa kamba, na baba ndiye aliyeusukuma mpaka ukabana. Aliyekuwa ndani ndiye wa nyumba. Aliyekuwa nje, hata akiwa ndugu wa tumbo moja, alikohoa na kungoja mpaka ufunguliwe. Kunywa olubisi barazani, sawa. Kutafuna kahawa na wageni, ndiyo adabu yenyewe. Lakini kuonekana unakula chakula, mdomo unajaa, taya linakwenda, ilikuwa kama kuonekana unaoga. Mimi nilifika darasa la nne bila kumwona mtu mzima wa nje ya nyumba yetu akimeza tonge.

Serikali sasa ilitaka tuoge uwanjani, Jumamosi, saa sita mchana, mbele ya wageni kutoka Bukoba.

 Wiki ile marafiki wa baba wa olubisi walikuwa na wake na kadi pia, na kila mmoja aliapa kwamba hatakwenda.  Mama alikunjua kadi, akaitazama ile miraba saba yenye mihuri ya zambarau na ule mmoja mweupe, akaikunja. Alifanya hivyo jioni moja, na jioni ya pili, na ya tatu, kila mara pale ambapo baba angeona. Mama yangu hakusoma shule, lakini alijua kufundisha.

Jumamosi asubuhi niliamshwa na mwanga usio wa kawaida. Mlango haukuwepo. Baba alikuwa nje, amekwisha kuzikata kamba, amelaza mlango kwenye majani na anasokota kata ya kuujitwikia. Mama akamwangalia, akanitazama mimi, akaenda kutoa chungu bila kuuliza. Tukapanda njia ya shule, baba mbele na mlango kichwani, mama nyuma yake na chungu cha ndizi na maharage, mimi nyuma na uma tatu tulizoazimwa.

"Waitu, mnahama?" jirani akatuuliza njiani.

"Tunakwenda kula," baba akajibu, na hakupunguza mwendo.

Uwanjani madawati yalikuwa yamepangwa mawili mawili kuwa meza, yamefunikwa shuka nyeupe. Upande wa kivuli kulikuwa na viti vya wageni: afisa wa elimu, wanawake wawili wa Kizungu wenye kofia, karani na daftari. Watu wa vijiji vyote vya karibu walikuwa wamezunguka uwanja, maana ni nani angekosa? Na wale marafiki wa baba walioapa hawatakuja, walikuwa wamekuja wote na wake zao na watoto wao. Mmoja alikuwa na mkeka mkubwa. Mwingine alikuwa na mzigo wa majani ya migomba. Mwingine alivua blanketi lake. Hakuna aliyemwambia mwenzake, na kila mmoja aliona aibu kidogo alipoona wenzake nao wamelifikiria lile lile.

Kengele ikapigwa. Memsabu akasema kwa furaha, "Karibuni mezani!" Kwa muda wa kukohoa mara mbili uwanja ulikuwa umejaa kuta. Mkeka ukasimamishwa kwa vijiti, majani yakachomekwa ardhini, blanketi likatandazwa kati ya madawati. Baba akausimamisha mlango wetu mbele ya meza, akauegemeza barabara, akajaribu kwa mkono kama umebana, akaja kukaa. Tukaanza kula. Kwa kweli nilikula vizuri. Tulikuwa tumefunga mlango.

Wageni kutoka Bukoba walikuwa wameketi wakiangalia kuta kumi na moja.

"Wako wapi?" nikamsikia Memsabu akimuuliza Mwalimu Mkuu.

"Wanakula, Memsabu."

"Lakini siwaoni."

"Ndiyo, Memsabu," akasema Mwalimu Mkuu, kwa sauti ya mtu aliyetoa taarifa njema. "Hawaonekani kabisa."

Yeye mwenyewe alikuwa akifunga mlango wake kila siku, tena wa mbao. Lakini alipoona uso wa afisa wa elimu ukibadilika, akaanza kueleza kwa Kiingereza, na Kiingereza chake kikamwishia kabla ya maelezo. Afisa akasema maneno mafupi. Memsabu akayachukua akayafanya matamu, akatutangazia kwamba amefurahi sana kuona mapambo yetu, ila mhuri ni wa kile kinachoonekana. Jamaa itakayoondoa pazia lake ndiyo itakayopigiwa mhuri. Pazia, alisema.

 Kisha mkeka ukakunjwa, na jamaa ile ikajitwika chungu ikaondoka bila kuaga. Majani yakang'olewa, blanketi likavaliwa tena. Moja baada ya nyingine zikaondoka, na wasichana wa darasa langu wakaondoka nazo, vichwa chini. Nilimwona mmoja wao akigeuka kuangalia shule. Alikuwa na akili ya hesabu kuliko mimi, na mpaka leo simzungumzii kwa urahisi.

"Twende, bojo," mama akasema. Mama, aliyefuma soksi ya kijani, ndiye aliyesema twende.

 Baba alimwita Mwalimu Mkuu, naye akaja akasimama upande wa pili wa mlango, kama adabu inavyotaka.

"Mwalimu, bila mhuri huu mmoja?"

"Haitapelekwa, waitu. Nimeuliza mara mbili."

"Na huyu?"

 Huyu alikuwa mimi, na uma wangu ulikuwa hewani.

Baba akainuka. Akaushika mlango wetu kwa mikono miwili, akaulaza chini kwenye majani, taratibu, kama anayelaza mgonjwa. Uwanja wote ukawa mbele yetu, na jua, na wageni, na watu wa vijiji vyote. Akarudi akakaa, akachukua uma ambao hakujua kuutumia, akachoma ndizi, akaitia mdomoni, akatafuna.

Nilitegemea kicheko. Watu wetu hucheka, hawangoji kuombwa. Badala yake nikasikia mchakacho wa miguu kwenye majani makavu, na nilipoinua macho niliona migongo. Watu wote waliozunguka uwanja walikuwa wamegeuka. Wazee, akina mama na watoto wao mgongoni, marafiki zake wa olubisi waliokuwa bado njiani na vyungu kichwani, wote walisimama wakiangalia bonde la upande wa pili, ambako hakukuwa na kitu. Hakuna aliyetoa amri. Macho yaliyobaki kutuangalia yalikuwa ya viti vile vya kivulini tu, na karani aliandika.

"Kwa nini wanageuka?" Memsabu akauliza. "Hawapendi?"

Mwalimu Mkuu naye alikuwa amegeuka, kwa hiyo hakupata jibu.

Baba alimaliza sahani yote. Hakuharakisha. Jasho lilimtiririka kwenye mashavu likaingia kwenye chakula, akala pamoja nalo. Mama alikula akiangalia magoti yake. Mimi nilikula nikilia, na nilimchukia Memsabu, na nilimchukia zaidi yule msichana mwenye sare ya bluu ambaye nilitaka kuwa yeye, na kati ya machozi hayo yote, nasema ukweli, nilikuwa nikiuangalia mhuri kama umeshatolewa mkobani. Ulikuwa umetolewa. Memsabu akaja mwenyewe, akaugonga, akatupongeza kwa Kiswahili sanifu, akasema sisi ni jamaa ya mfano.

Tukarudisha mlango nyumbani. Baba aliufunga kwa kamba mpya kabla ya kunywa hata maji. Jioni alikwenda kwenye olubisi kama kawaida, na akarudi mapema. Watu wale walimtania kwa kila kitu: upara wake, choo chake cha pili, yale mapumziko aliyofundishwa. Kwa hili hawakumtania. Hawakumtania mwaka ule wala miaka iliyofuata, na nadhani angelipa ng'ombe mmoja angalau wamtanie.

Nilifaulu mtihani, nikachaguliwa. Januari nikapelekwa Bukoba kwa lori lililobeba kahawa, na kadi yangu imekunjwa ndani ya kile kitambaa cha gome, ambacho mama alinipa pamoja nayo. Nilimkuta bibi mkuu wa shule amekaa nyuma ya meza na orodha ya majina iliyopigwa kwa mashine. Akatafuta langu, akaweka alama. Nikapiga magoti, nikamtolea kadi kwa mikono miwili.

"Kadi gani hii?" akauliza.

Nikaeleza. Vyumba vinane, mihuri minane, jamaa ya mfano. Akanisikiliza kwa subira kubwa. Akasema pale hawakuwahi kupokea kadi yoyote. Majina yanapangwa kwa alama za mtihani tu, na siku zote yamepangwa hivyo. Labda lilikuwa wazo la yule afisa wa elimu na mkewe, akasema, lakini wao walikwisha kurudi kwao kabla ya Krismasi. Akaigeuza kadi, akaona nyuma ni nyeupe, akaandika kwa wino namba kumi na nne, akanirudishia niitundike kitandani kwangu ili nisipotee.

Pale shuleni tulikula bwalini, wasichana wote kwa pamoja, milango miwili wazi na madirisha wazi. Wiki ya kwanza sikuweza kumeza. Wiki ya tatu nilikuwa nagombania ukoko.

Likizo ya kwanza nilifika nyumbani wakati mama anaepua chungu. Nilikuwa na sare ya bluu. Baba akanisalimu, akaniangalia juu mpaka chini, akaniuliza habari za walimu na za ziwa, na kama kweli samaki wa kisiwa cha Goziba wanafika mpaka sokoni Bukoba. Nikajibu yote. Mama akatandaza jani la mgomba kwenye nyasi za sakafuni, akamwaga chakula, mvuke ukapanda. Baba akainuka kwenda mlangoni, akashika matete kwa mkono mmoja, na hapo akasimama, amenipa mgongo.

"Ile kadi," akasema. "Waliiangalia?"

Nilimwangalia mama. Mama alikuwa anaangalia chakula.

"Waliiangalia sana, Tata. Mhuri kwa mhuri."

"Na ule wa mwisho?"

"Ule wa mwisho ndio waliouangalia zaidi. Walisema bila ule nisingeingia."

Akaitikia kwa kichwa mara moja, polepole. Kisha akausukuma mlango mpaka ukabana, akaja akakaa, tukala.